Maji ya Kisima na Karatasi ya Kompyuta

Mwaka ule wa 1999, kaskazi ilipokuwa ikimalizika, Likoni ilikuwa na kiu. Mfereji wa nyumba ya Ishaka ulikauka tangu Ramadhani. Bili ya maji haikukauka. Ilifika kila mwezi, imekunjwa vizuri, imetiwa sahihi na watu wenye visima vya mota majumbani mwao.

Johari, mke wa Ishaka, aliamka alfajiri kama kawaida. Alichota maji ya kisima cha mtaani, akateleka chai. Kisha akamwita mama mkwe wake, Bi Mwanatabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Bi Mwanatabu akaonja chai, akakunja uso. "Leo umetia chumvi mahali pa sukari?"

"La, mama. Ni maji yenyewe."

"Haya si maji, Johari. Huu ni mchuzi uliokosa samaki."

Wakacheka. Lakini Johari alicheka nusu. Bi Mwanatabu alikuwa na ugonjwa wa presha, na daktari alimkanya chumvi. Maji matamu ya mikokoteni yalikuwa ghali. Wiki nyingine waliyapata, wiki nyingine hawakuyapata.

Baada ya chai, Ishaka akaenda zake kibandani. Yeye alikuwa fundi bati. Alitengeneza ndoo, makarai na michirizi ya mapaa. Johari akakaa kwenye cherehani yake. Alishona nguo za shule na mapazia. Cherehani ile aliinunua mwenyewe kabla ya kuolewa, kwa jasho lake. Hakumwachia mtu hata kuipangusa vumbi.

Jioni ile akaja Badi, mdogo wake Ishaka. Badi alikuwa karani katika ofisi moja kisiwani, ng'ambo ya feri. Alishika karatasi nyeupe mkononi kama mtu aliyeshika hati ya shamba.

"Tabu ya maji imekwisha," akasema. "Someni hii!"

"Soma wewe. Hicho ni Kiingereza," akasema Ishaka.

Badi akaeleza. Duka moja kubwa la kisiwani lilikuwa na tovuti. Tovuti ni kurasa ambazo watu huzisoma kwenye kompyuta, hata wakiwa nchi za mbali. Badi aliifungua ofisini, akapiga chapa ukurasa mmoja. Ulikuwa na picha ya chujio la maji, na chemchemi inabubujika nyuma yake. Chujio lenyewe liliitwa Salsabili.

"Linaondoa chumvi yote na vijidudu vyote," Badi akasoma. "Limethibitishwa na wataalamu. Wateja tisa katika kumi wanalisifu. Yamebaki machujio sita tu. Nunua kabla ya Idi ya Kuchinja!"

"Salsabili!" Ishaka akasema polepole. "Hiyo si ile chemchemi ya peponi? Imetajwa ndani ya Qur'ani. Mtu hawezi kulitia jina kama hilo kwenye kitu cha uongo."

"Na limetoka kwenye kompyuta," Badi akaongeza. "Kompyuta haina kinywa cha kusema uongo."

Ishaka akatazama chini ya karatasi. Bei ya chujio ilikuwa kubwa. Kisha akamtazama mkewe.

"Johari, kesho nitaongea na Boga, yule anunuaye vyombo vikuukuu. Alhamisi aje kuitazama cherehani, tupate pesa za chujio."

"Cherehani gani?"

"Kwani tuna ngapi?"

Johari akaweka mkono juu ya cherehani yake. Akisema hapana, ataonekana anapenda chuma kuliko uhai wa mama. Akisema ndiyo, mkono wake utakuwa umekatwa.

"Leo Jumatatu," akasema mwisho. "Nipe hadi Jumatano."

"Machujio yatakwisha!"

"Nimengoja maji miezi mitatu, bwana. Siku mbili si nyingi."

Asubuhi Johari akaipeleka karatasi kwa jirani yake, Pascalia. Pascalia alifanya kazi ya afya ya jamii. Alizunguka mitaani akipima visima na kufunza watu kuchemsha maji. Alikuwa na baiskeli ya serikali ambayo matairi alijinunulia mwenyewe, maana serikali ilimpa baiskeli ikasahau kuwa ina magurudumu.

Pascalia akasoma mara mbili.

"Dada Johari, karatasi hii imeandikwa na nani?"

"Kompyuta."

"Kompyuta ni kama kalamu. Aliyeishika ni nani?"

Johari akafikiri. "Mwenye duka."

"Basi mwenye duka anajisifia duka. Si dhambi. Hata muuza embe husema zake ni tamu. Lakini wewe hununua embe kwa maneno?"

"Ala! Huonja kwanza."

"Haya, tuyaonje maneno haya. 'Wataalamu.' Wa wapi? Jina lao nani? Hapakuandikwa. Mtu akikwambia mtoto wako amefaulu, nawe ukauliza mwalimu gani kasema, akakujibu 'walimu tu,' utamwamini?"

"Simwamini."

"'Wateja tisa katika kumi.' Kumi gani? Huenda ni jamaa zake mwenye duka, walioketi kwake wanakula biriani."

Johari akacheka. "Na haya machujio sita yaliyobaki?"

"Mwambie Badi aufungue tena ukurasa huo leo, na kesho pia. Tuone yanavyopungua. Na hapa chini, umeona herufi hizi ndogo kama sisimizi? Badi hakukusomea."

Johari akainamisha kichwa. "Zinasemaje?"

"'Matokeo hutegemea aina ya maji.' Yaani maneno makubwa yameahidi, maneno madogo yamejitoa."

"Lakini dada, huenda ni kweli linaondoa chumvi."

"Huenda. Kwa hiyo tusimtukane mtu kabla ya kujaribu. Ila nikuulize. Ukichuja chai yenye sukari, majani hubaki kwenye kichujio. Je, sukari hubaki?"

"Hupita na chai."

"Kwa nini?"

"Imeshayeyuka."

Pascalia akamrudishia karatasi. Johari akaelewa. Chumvi ya kisima nayo ilikuwa imeyeyuka.

Jumatano wakavuka na feri. Johari alibeba chupa ya maji ya kisima. Ishaka alifuata akinung'unika. Bi Mwanatabu naye akavaa buibui, akasema, "Ulimi unaogombaniwa ni wangu. Siachwi nyumbani."

Dukani wakampata muuzaji aitwaye Jaffar, mtu mpole aliyevaa tai. Ishaka akamtolea karatasi.

"Naam! Salsabili!" Jaffar akasema. "Mna bahati, ni la mwisho mwisho."

"Tunaomba kulijaribu," akasema Johari. "Maji yetu haya hapa."

"Kwa kawaida hatujaribu, bibi."

"Wallahi, mwanangu," akadakia Bi Mwanatabu, "hata halua mtu hupewa kionjo. Sembuse kitu cha bei ya ng'ombe?"

Wateja wengine wakageuka kutazama. Jaffar akaona haya. Akaleta chujio la maonyesho, akamimina maji juu. Wakangoja. Maji yakadondoka chini, meupe, yanang'aa. Ishaka akatabasamu.

"Mama, karibu."

Bi Mwanatabu akapiga funda moja. Akalizungusha mdomoni. Duka zima likamtazama.

"Maji yameoga," akasema, "lakini chumvi hayakuivua."

Watu wakaangua kicheko. Ishaka akaonja mwenyewe. Tabasamu likamtoka.

"Bwana, mbona mmeandika chumvi yote?"

Jaffar akashusha sauti. "Mzee, mimi huuza tu. Wanaoandika wako ofisini juu, wala hawashuki huku. Hili lafaa kwa maji ya mfereji yenye uchafu. Chumvi, sijapata kuona likiitoa."

"Na jina la peponi?"

"Jina ni la kuchagua, ndugu yangu."

"Hata mimi naitwa Mwanatabu," mama akasema, "na sijapata kumpa mtu tabu. Twende zetu."

Jioni Badi akaja, uso chini. Alikuwa ameufungua ukurasa jana na leo. "Machujio ni sita vilevile," akasema. "Nadhani hayatapungua hata siku ya kiyama."

Ishaka akatoka. Aliporudi, akamwambia Johari, "Nimemwona Boga. Nimemwambia asije." Kisha akaongeza, kwa taabu, "Ilikuwa yako. Ilinipasa nikuulize."

Johari akamwongezea chai. Hakudai zaidi.

Lakini maji je? Pascalia alipopita kuwajulia hali, akaona nyuma ya nyumba birika la saruji, la babake Ishaka. Lilijaa makumbi ya nazi.

"Shemeji Ishaka," akasema, "wewe huwatengenezea watu michirizi ya mapaa. Paa lako limekukosea nini?"

Ishaka akainua macho, akaona mabati yake matupu. Akajicheka mwenyewe.

Kesho yake akakunja bati, akafunga mchirizi kutoka ukingo wa paa hadi birikani. Badi akalitoa birika makumbi na kulisugua. Pascalia akawaelekeza. Paa lifagiwe. Mvua ya kwanza imwagwe, maana huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Birika lifunikwe. Maji ya kunywa yachemshwe.

"Pale mchirizi unapoingilia pazibwe kwa kitambaa," akasema, "takataka na mbu wasiingie. Kiwe mara mbili, kibane sawasawa."

Wote wakamgeukia Johari. Tayari alikuwa amekaa, kitambaa chepesi cha melimeli nyeupe chini ya sindano, mguu juu ya kikanyagio.

Masika yalinyesha wiki ya tatu baada ya Idi. Yalinyesha bila bili na bila sahihi ya mkubwa yeyote. Birika likajaa hadi shingoni. Majirani waliposikia, wakaja kumwagiza Ishaka michirizi na kumwagiza Johari vitambaa. Nyumba ile haikununua tena maji ya mkokoteni msimu mzima.

Siku ya kwanza ya maji yale, Johari aliyachemsha, akayatia chai, akampelekea mama mkwe wake. Bi Mwanatabu akanywa kikombe chote bila kukunja uso. Kisha akakinyosha.

"Ongeza," akasema.