Filimbi Ukunguni

Rafiki yangu fundi saa alishinda baharini peke yake, akizunguka visiwa kwa kayaki. Shemeji yake alimtania alipoondoka: "Mkaidi wewe! Ukipotea piga filimbi, tutakujibu. Usije ukamwacha dada yangu mjane."

Adhuhuri ukungu ulishuka, visiwa vikafutika, asijue pwani iko wapi. Akapiga filimbi. Ikajibiwa, mbele yake. Akashusha pumzi, akapiga makasia kuifuata sauti ile mpaka mabega yakamuuma.

"Shemeji! Uko wapi, bwana?"

Kimya. Hata wimbi halikusikika likigonga mwamba.

Akapiga filimbi tena, polepole. Safari hii jibu lilitoka chini ya miguu yake, majini, refu kuliko pumzi ya mtu, na sakafu ya kayaki ikatetemeka mpaka lilipokwisha.