Nani Aliyalalia Mayai ya Pilipili?

Kila alfajiri, kabla hajanawa uso, Pilipili alifungua mashine ya kutotolea vifaranga na kugeuza mayai sitini, moja baada ya jingine. Kila yai lilikuwa na alama ya penseli upande mmoja, ili asije akaligeuza moja mara mbili na jingine akalisahau. Mama yake, fundi cherehani, hakuwa mtu wa kukabidhi vitu ovyo. Pilipili alimbembeleza mwaka mzima ndipo akapewa mayai hayo ayalee mwenyewe.

"Yakiharibika," mama alimwambia, "utarudi kufagia banda."

Jina la Pilipili hakulipata bure. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa na hasira za karibu: ukimkanyaga, vidole vinakuuma wewe.

Jumamosi, mayai yakiwa na siku kumi na tano, umeme ulikatika. Pilipili aliifunika mashine kwa mablanketi mawili.

"Usifungue fungue," mama alisema. "Joto lililomo litashika saa chache tu."

"Saa ngapi, mama?"

"Najua wapi? Wewe nenda kwenye paneli zenu. Kuikodolea macho hakuleti umeme."

Kila Jumamosi asubuhi, vioo vikiwa bado baridi, wanafunzi wa darasa lake walikwenda kwenye uwanja wa paneli za sola nje ya mji kufuta vumbi. Jua la mji ule, waongo husema, lilikaanga karanga zikiwa bado ardhini. Kila mwanafunzi alikuwa na safu yake, na hakuna aliyeing'arisha kama Pilipili alivyoing'arisha safu ya saba.

Njiani alikutana na rafiki yake Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Na kwenu kumezimika?" Redio aliuliza. "Ndiyo yale yale. Umeme wetu unapelekwa nchi jirani. Unaziona zile waya kubwa zinazopanda kilima? Zinaunyonya wote."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua."

Damu ilimchemka Pilipili. Alipofika kwenye safu yake hakugusa ndoo ya maji safi. Alichota tope penye bomba lililovuja, akapaka paneli ya kwanza, ya pili, ya tano.

"Kama sisi hatuli, nanyi mkae na njaa," alisema, akapaka ya tisa.

Mjomba wake, msimamizi wa mitambo, aliona kwenye skrini umeme wa safu ya saba ukishuka. Akatoka mbio. Yeye na mpwa wake walikuwa wamepikwa chungu kimoja. Hasira zake zilijulikana hata na mbwa wa lindo.

"Nani kafanya hivi?"



"Mimi, Mjomba," Pilipili alijibu. "Mayai yangu yanakufa, na majirani wanawasha taa kwa jua letu."

"Nani kasema majirani ndio wamekuzimia?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu ndiye nani? Anakaa wapi, nikamuulize?"

Redio akakosa mawimbi.

"Tawi la mti limeangukia waya nyuma ya soko," Mjomba alisema. "Mafundi wako juu ya nguzo sasa hivi. Nimeandika mara tatu mti ule ukatwe, na ofisi ya mtaa imezikalia barua zangu. Hasira yako ingekwenda huko ingepata kazi. Haya, nijibu. Jua likizama, paneli hizi zinafanya nini?"

"Hazifanyi kitu."

"Na mashine yako?"

"Inawaka mpaka asubuhi."

"Kwa umeme wa nani?"

Pilipili aligeuka kuzitazama zile waya zinazopanda kilima.

"Mchana tunawapa majirani umeme wa jua," Mjomba alisema. "Wao wanafunga milango ya bwawa lao, maji yanangoja. Jioni wanaifungua, maji yanazungusha mitambo, na umeme unatujia kwa waya zile zile unazozilaani. Usiku kumi na nne mayai yako yamelaliwa na maji ya majirani. Na leo umewapaka tope usoni."

Hasira haikumtoka Pilipili. Iligeuka tu, ikaanza kumtafuna mwenyewe. Aliosha safu nzima peke yake, mbio mbio kabla vioo havijapata moto, Mjomba akiwa amesimama kando, mikono nyuma, bila kumsaidia hata kwa kitambaa.

Aliporudi nyumbani umeme ulikuwa umerudi. Jumatatu, baada ya masomo, yeye na mama walikwenda ofisi ya mtaa. Waliambiwa mkubwa hayupo. "Tutamngoja," Pilipili alisema, akakaa mlangoni akiwa amenuna hata karani akashindwa kunywa chai yake. Jumatano mti ulikatwa.

Ijumaa vifaranga arobaini na mmoja walitoka. Mayai kumi na tisa hayakuanguliwa, na Pilipili aliyazika akisaga meno.

"Bado una hasira?" mama aliuliza.

"Sana."

"Kaa nazo. Hasira ni moto, mwanangu. Ukiuweka jikoni utapika. Ukiutupa bila kuuliza, utaichoma nyumba ya anayekupa joto."