Kioo cha Mwenyeji

"Na hata hiyo ndoa yako ya kwanza," alisema mchumba wangu huku akinimiminia chai, "mimi haijawahi kunisumbua hata siku moja."

Nilishusha kikombe.

"Ndoa gani?"

Birika lilibaki hewani. Tulikuwa dukani kwake, Jumamosi mchana, katikati ya kompyuta zilizopasuliwa matumbo, na harusi yetu ilikuwa imebakiza wiki sita. Miezi yote ile nilikuwa natafuta namna ya kumwambia kwamba niliwahi kuolewa, nikashindwa. Sasa yeye ndiye ananiambia mimi.

"Nani amekuambia?"

"Tuyaache, Kalamu. Nilitaka tu ujue kwamba..."

"Nani?"

Akanyamaza. Kimya nacho ni jibu, kwa hiyo nikajijibu mwenyewe. Katika mji ule mtu aliyeijua siri hiyo alikuwa mmoja tu, na tulinyonya ziwa moja.

"Ni Dada, siyo?"

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na laiti ningelitia maanani hilo. Nilitoa simu palepale mbele yake.

"Dada, kwa nini umemwambia?"

"Nimemwambia nani nini? Mbona hata salamu hakuna?"

"Umemwambia mchumba wangu habari za ndoa yangu."

"Mimi?"

"Nani mwingine anajua?"

Cherehani iliyokuwa inalia upande wa pili ikanyamaza.

"Mdogo wangu, siri yako nimeibeba miaka sita. Shemeji yako tunalala kitanda kimoja na hajui. Leo unaniita mmbea?"

"Basi imeota miguu yenyewe!"

"Usinipigie tena mpaka utakapopata adabu."

Akakata. Mchumba wangu alikuwa ameketi hatua mbili tu kutoka nilipo, anaitazama chai yake.

Keshokutwa yake shemeji alileta mfuko. Ndani mlikuwa na gauni langu la harusi ambalo Dada alikuwa ananishonea, mkono mmoja haujawekwa, pini bado zimo. Hakukuwa na hata kikaratasi.

Niwaambie kwanza huyu mchumba nilimpataje, maana watu huniuliza na nikieleza hucheka.

Mimi ni mhariri kwenye kampuni ya vitabu. Mwandishi mmoja mzee alituletea muswada kwenye disketi, vile visahani bapa vya plastiki ambavyo kompyuta za siku hizi hazina hata tundu la kuviingizia. Nikaelekezwa kwa fundi anayefufua mashine za kale. Aliufufua muswada, na wakati naondoka akanipa karatasi yenye anwani.

"Hii ya nini?"

"Ubao wangu. Zamani, kabla intaneti haijaingia kila mfuko, mtu alikuwa anafunga kompyuta yake kwenye laini ya simu, wenzake wanapiga, wanaingia, wanaachiana barua. Mimi bado ninao."

"Na wanaopiga ni akina nani, mizimu?"

"Ni thelathini na wanne. Wagonjwa wenzangu."

Mashine ya kale sikuwa nayo, kwa hiyo aliniwekea kwenye laptopu programu inayojifanya mashine ya kale. Iliiga mpaka mlio wa modemu, kile kidude cha kuunganisha kompyuta na simu, mlio wa kuku anayekabwa koo. Kila mwanachama ana jina la utani. Yeye, kwa kuwa ubao ni wake, huitwa Mwenyeji, nami nikajiita Kalamu Nyekundu. Laini ni moja tu, hivyo mmoja akiwa ndani mwingine huambiwa, "Laini ina mtu, jaribu baadaye."

Kila nikirudi nyumbani kutoka kazini nilikuwa naingia na kumwandikia. Naandika, nafuta, naandika upya. Kufuta ndiyo kazi inayonilisha. Mwandishi akishakata sentensi, sisi ofisini hatuirudishi wala hatumuulizi ilikuwa inasema nini. Niliamini kwamba kinachobaki ndicho kinachokwenda.

Majibu yake yalikuwa ya ajabu. Nikiwa na huzuni ambayo sikuitaja, siku hiyo ananiandikia kwa upole zaidi. Nikiogopa jambo, anazungumza kuhusu woga bila mimi kuuliza. Nikawaringia wenzangu ofisini kwamba nimepata mwanaume anayenisoma moyo. Mjinga mimi.

Jumatano moja, wiki ya tatu tangu ninuniane na Dada, kazi iliisha mapema nikapita dukani bila kumwambia. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa stoo, namsikia anaburuta maboksi.

"Mwenyeji?"

"Nakuja! Kaa kwanza!"

Nikaketi kwenye kiti chake, mbele ya ile mashine ya ubao. Sikuwa nimewahi kuketi hapo. Kioo chake, chenye maandishi ya kijani, kilikuwa kinaandika chenyewe. Herufi zilikuwa zinatoka moja moja. Juu palikuwa na jina la aliyekuwa ndani wakati huo, Paka wa Jirani, ambaye sote humjua kwa vichekesho. Alikuwa anamwandikia Babu Baiti, mkongwe wa ubao.

"Babu, jana wamenifukuza kazi na sijui nitamwambiaje mke w"

Herufi zikasimama. Kisha zikaanza kurudi nyuma, moja baada ya nyingine, mpaka mstari ukawa mtupu. Yakatoka maneno mengine.

"Babu, habari za siku nyingi! Huku kwetu kwema kabisa."

Alipotoka stoo na boksi kifuani, alinikuta bado nakitazama kioo.

"Huyu anajua kwamba unamwona?"

Aliweka boksi chini polepole.

"Kalamu, mashine hizi ndivyo zilivyotengenezwa. Kioo cha mwenyeji kinaonyesha kila kitu anachokiona mgeni wake. Tangu enzi na enzi."

"Sijauliza zilitengenezwaje. Anajua?"

"Hajui."

"Na mimi nilikuwa najua?"

"Hukujua."

"Umesoma kila nilichofuta?"

"Siyo kila kitu." Akajipangusa vumbi mikononi. "Vingi."

"Na ile ya ndoa."

"Uliandika mistari kumi na moja. Ukaifuta yote. Halafu ukaandika, 'Leo mvua imenyesha mpaka kero.'"

"Na wewe ukanijibu habari za mvua."

"Nikakujibu habari za mvua."

Nilisimama. Hasira niliyokuwa nayo haikuwa ya kioo peke yake.

"Ulikuwa umekaa hapo. Hapo! Unakunywa chai, unanisikiliza nikimtukana dada yangu. Neno moja tu lilitosha. Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kusema."

"Ukafuta."

"Niliogopa ungeondoka."

"Haya basi, naondoka sasa."

"Kalamu, subiri. Maneno uliyoyafuta ndiyo yaliyonifanya nikupende."

Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, maana lilikuwa na ukweli ndani yake. Nilichokuwa namtumia kilikuwa mvua, foleni za barabarani na alama za mkato. Nilitembea mpaka nyumbani najiuliza, huyu ananipenda mimi, au anampenda yule niliyekuwa nikimkata kila jioni?

Nilimpigia Dada.

"Dada, si wewe. Nimejua leo. Nisamehe."

"Ni nani basi?"

"Ni yeye mwenyewe. Alikuwa anasoma barua zangu kabla sijazimaliza. Alinisikia nikikugombeza, akanyamaza."

Nikasikia Dada anaweka mkasi mezani.

"Msamaha wa simu sipokei," alisema. "Ulinivunjia heshima mbele yake, basi uje naye. Nataka nimsikie kwa kinywa chake. Kama hana kinywa, njoo peke yako tujue moja."

Siku hiyohiyo mchumba aliniandikia kwenye simu: "Nimefunga ubao. Wanachama wote nimewaeleza ukweli. Sita wamejitoa. Paka wa Jirani hajajibu. Babu Baiti anasema wakongwe walijua siku zote, ndiyo maana yeye huwa hafuti kitu."

Sikujibu. Baada ya siku tano nikaenda.

Alikuwa amekonda, au labda ni mimi nilitaka awe amekonda.

"Fungua ubao," nilimwambia. "Halafu chukua laptopu, nenda stoo, uingie kama mgeni. Niandikie barua. Mimi nitakaa kwenye kiti chako."

Akanielewa upesi.

"Utaona kila kitu."

"Kama wewe ulivyoona."

Akaenda. Nikasikia kuku wa modemu akikabwa, halafu jina lake likatokea juu ya kioo, na herufi zikaanza.

"Mpenzi wangu," yakaja, yakarudi. "Kalamu," likaja, likabaki.

"Mashine ndivyo zilivyo" yakafutika kabla sijakasirika. "Hata wenyeji wengine" yakafutika pia. Nilijikuta natikisa kichwa kama niko ofisini. Vizuri, kata hiyo, haina kazi.

"Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Mara ya pili nilivuta kiti."

Hayo aliyaacha.

Kisha akaandika, "Mama yangu alipo" na kusimama. Akafuta. Akaandika tena, "Mama yangu alipo". Habari za mama yake hakuwahi kunigusia hata mara moja. Nilikuwa namuuliza, anageuza maneno. Kile kialama cha kijani kikawa kinawaka na kuzima mwisho wa neno, nami nikawa nasubiri. Akafika "Mama yangu alipoondoka nilikuwa na"

Hapo ndipo nilipojitambua. Nilikuwa nimevuta kiti. Pua yangu ilikuwa karibu kukigusa kioo, mimi mwenye haki, mimi niliyedhulumiwa, nimekodoa macho kama jirani anayechungulia dirishani. Sikuwa na hasira tena wakati ule, nilikuwa na uchu. Na niliona aibu kweli.

Swichi ya kioo ilikuwa upande wa kulia. Nikaibonyeza. Maandishi yakajikunja mpaka yakawa nukta moja, nayo ikafa.

Nilikaa mbele ya kioo cheusi nikisikiliza kibodi upande wa pili wa ukuta. Ililia, ikatulia, ikalia. Robo saa nzima. Mkono wangu ulikwenda kwenye swichi mara mbili, nikaurudisha. Kengele ya barua ilipolia, nikawasha.

"Kalamu," barua ilisema. "Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Mara ya pili nilivuta kiti. Ila kosa langu kubwa si la kioo. Ulipompigia dada yako nilitakiwa kusema 'Hapana, si yeye.' Niliogopa kukupoteza, nikaacha umpoteze yeye. Sina utetezi. Ukinikubali au usiponikubali, nitakwenda kumwambia mwenyewe."

Habari za mama hazikuwemo.

Alitoka stoo, macho mekundu, akasimama mlangoni.

"Umeona yote?"

"Nimeona mpaka mama yako alipoondoka."

Akafumba macho. "Na baada ya hapo?"

"Nilizima."

"Ulizima?"

"Nilitaka kujua kama inawezekana," nikamwambia. "Inawezekana."

Aliketi juu ya boksi, akafunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kutikisika. Sikumbembeleza mara moja. Nilimwacha alie kwanza, kwa sababu alistahili kulia, halafu nikamshika bega.

"Ya mama yako utaniambia siku utakayotaka. Usipotaka, basi. Sasa vaa viatu vya maana, twende kwa Dada."

Njiani nilimweleza ile mistari kumi na moja.

"Si lazima," akasema.

"Nyamaza unisikilize. Safari hii naongea mimi."

Nikamweleza kwamba yule bwana hakuwa mbaya. Hakunipiga, hakuninyima kitu. Tulikaa miezi saba, siku moja nikafungasha nguo nikaondoka kwa sababu sikumpenda, na nilimwacha amesimama mlangoni akiniuliza amekosa nini. Kilichokuwa kinanifunga mdomo ni kwamba mimi ndiye niliyekosa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kwamba haimsumbui. Alisema, "Pole," na tena akasema, "Pole na yeye," nikaona kwamba huyu ninaweza kuishi naye.

Dada alifungua mlango, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Alinipita kwa macho, akamtazama yeye.

"Karibu useme."

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Sema."

Nilimwona anatafuta sentensi, anaitupa, anatafuta nyingine, yote hayo usoni.

"Mdogo wako alipokupigia siku ile, mimi nilikuwa pale. Nilijua si wewe. Nilikuwa nimesoma siri yake bila ruhusa, nikakuacha ubebe lawama yangu."

"Wiki tatu."

"Wiki tatu na siku mbili."

"Ulikuwa unahesabu?"

"Kila siku."

"Na hukuja."

"Sikuja, Dada. Nilikuwa mwoga."

Dada aligeuka kwangu.

"Na wewe. Mtu mgeni ananyamaza, unachagua kuamini ukimya wake kuliko neno langu?"

Nililishika gauni lake nikalia kama nilipokuwa darasa la pili, naye akanivuta ndani, akanikumbatia mpaka futi ikaninyonga. Nilisema nisamehe mara nyingi. Alisema nyamaza mara nyingi zaidi.

Nilipoinua kichwa, mchumba wangu alikuwa bado nje, pale pale, hajasogea hata inchi.

"Dada," nilinong'ona, "na yeye je?"

Dada alimtazama kwa muda, kuanzia kichwani mpaka miguuni, bila haraka, kama anayekagua mshono wa fundi mwingine.

"Hivyo viatu vyako vina matope," alimwambia hatimaye. "Vivue hapo hapo mlangoni, nyumba nimepiga deki."