Kibao cha Chiriku

Jioni ile kazi yenyewe ilikuwa ndogo tu: kuzama mara moja, kutazama samaki kwenye mwamba, kutoka, kula, kulala. Jua lilikuwa bado halijagusa maji. Baba alikuwa nyuma ya boti na fimbo yake ya kuvulia, akijifanya mtaalamu. Mama alikuwa amejilaza kivulini na kipande cha ndimu puani, akiilaani siku aliyokubali kuolewa na mtu anayependa maji.

Ilikuwa siku ya pili kati ya nne. Baba alikuwa fundi friji kwa miaka thelathini, na alipostaafu, badala ya kukaa barazani kama wenzake, alikodi boti pamoja na nahodha wake, akawapakia mkewe na binti zake wawili. Jambo la kwanza alilofanya baada ya kupanda ni kufungua sanduku la barafu, kupitisha kidole kwenye mpira wa mfuniko na kutikisa kichwa. Mazoea yana taabu.

Binti mkubwa alikuwa nesi, na nyumbani walimwita hivyo hivyo, Nesi. Mdogo wake, aliyepishana naye kwa miaka tisa, alikuwa Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Alizungumza akila, akipiga mswaki, hata usingizini. Nesi ndiye aliyembeba mgongoni, na ni kama hakuwahi kumteremsha. Alimtandikia kitanda, alimjazia fomu za shule, alimjibia maswali aliyoulizwa na wageni. Kwa shukrani, Chiriku akampa jina la Afande.

Asubuhi ya siku ile waligombana. Chiriku alipiga saluti mbele ya nahodha na mkewe, akasema, "Ndiyo, Afande!", na watu wazima wawili wakacheka. Nesi alikuwa hajalala vizuri. Damu ikampanda.

"Mimi ni dada yako. Siku moja tu ukiniita dada, utakufa?"

Chiriku alimtazama, akaona kweli ameumia. "Basi, usinune. Nikitoka majini jioni nitakuita Dada. Haki ya Mungu."

"Wewe na viapo vyako. Dakika mbili utakuwa umesahau."

Sasa, kuhusu ubao.

Pembeni mwa ngazi ya kuteremkia majini palining'inia ubao wenye vibao vidogo vya mbao, kila kimoja na namba yake, upande mmoja mwekundu, upande wa pili mweupe. Nahodha, mtu mfupi asiyependa maneno mengi, aliwaeleza siku ya kwanza kabla hata ya kung'oa nanga.

"Ukienda majini, geuza chekundu. Ukirudi, geuza cheupe. Kila mtu cha kwake, kwa mkono wake. Mimi simgeuzii mke wangu, naye hanigeuzii mimi."

"Na mtu akisahau?" Baba aliuliza.

"Tutamngoja akumbuke."

"Na akimgeuzia mwenzake?"

Nahodha alishika ukingo wa boti. Alitazama maji. "Ubao ukisema mtu yumo botini, lazima awemo," alisema, kisha akaenda kuwasha injini.

Walizama watatu: mke wa nahodha mbele, yeye ndiye aliyekuwa akiwaongoza wazamiaji, kisha Chiriku na kofia yake ya mpira ya njano, kisha Nesi. Mwanga ulikuwa unafifia mapema kule chini. Baada ya dakika ishirini sikio la Nesi likaanza kuuma. Akaonyesha ishara, akapanda taratibu kwa kufuata kamba ya nanga. Alipotazama chini aliona kofia ya njano ikimfuata kwenye kamba, mita chache tu. Akafurahi. Alipanda ngazi, akavua mtungi wa hewa, akageuza kibao chake, namba nne.

Namba tano kilikuwa cha Chiriku.

Alikigeuza na chenyewe. Hakufikiria. Ni kama mtu anavyofunga mlango ulioachwa wazi na mtoto, maana alijua Chiriku atapanda akipiga domo na kukisahau.

Hapo hapo Baba akapiga kelele. Fimbo ilikuwa imejikunja mpaka karibu kuvunjika. Mama alisahau ndimu yake, nahodha akakimbia na ndoano kubwa, Nesi akamshika baba yake mkanda wa suruali asivutwe baharini. Samaki alikuwa mkubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Mpaka wanamwangusha sakafuni, mke wa nahodha alikuwa ameshapanda. Alikuwa amebaki chini kuinasua nanga iliyokwama kwenye mwamba, baada ya kumwonyesha Chiriku apande mbele yake. Alitazama ubao. Nne cheupe. Tano cheupe. Akageuza cha kwake.

"Wote wamo," alisema.

Injini ikaunguruma. Walikuwa wanakwenda kulala nyuma ya kisiwa kimoja kisicho na watu, mwendo wa saa moja na nusu.

Chakula kilipoandaliwa chini, kwenye kile chumba kidogo chenye meza na vitanda vinne vya kupandana, Chiriku alikuwa tayari amekaa kwenye kona yake. Amejifunika taulo. Kimya.

"Mungu mkubwa," Mama alisema. "Maji ya chumvi yamemnyamazisha. Tungelijua, tungekuja zamani."

Walicheka. Chiriku naye akatabasamu, akachelewa kidogo, baada ya wenzake kumaliza.

Nesi alidhani amechoka. Akampa taulo la pili, la kwanza lilikuwa limelowa. Akasimulia habari za samaki wa Baba. Lakini masikio yake yalikuwa yanasikiliza kitu kingine.

Tone...

Tone...

Nywele za Chiriku zilikuwa zinadondosha maji mezani. Taulo la pili nalo likalowa. La tatu likalowa. Wali mbele yake haukuguswa. Na ile harufu... haikuwa ya chumvi wala ya samaki. Ilikuwa harufu ya kisima kilichofunikwa muda mrefu, siku mtu anapokifunua.

"Unaumwa?" Nesi alinong'ona.

Chiriku akatikisa kichwa.

Nesi akamshika kifundo cha mkono, kama anavyowashika watu mia kwa siku. Mkono ulikuwa wa baridi. Akatafuta mapigo, akayapata. Akashusha pumzi, akaanza kuhesabu.

Wimbi likagonga ubavu wa boti. Pigo.

Kimya.

Wimbi likagonga. Pigo.

Wimbi lililofuata lilichelewa. Na pigo nalo likachelewa, likalingoja.

Nesi aliuachia ule mkono polepole, kama mtu anayeweka chini glasi iliyojaa. Akasema anakwenda kuangalia vifaa. Juu, kwenye fremu ya mitungi, alipapasa namba kwa vidole kwa sababu giza lilikuwa limeingia. Tatu, ya mke wa nahodha. Nne, yake. Kisha tundu tupu. Hapakuwa na mtungi wa tano, wala jaketi la kuelea, wala viatu vya kuogelea, wala kofia ya njano.

Alimkuta nahodha kwenye usukani. Alimweleza kwa sauti ndogo, na kadiri alivyokuwa anaeleza ndivyo uso wa yule mtu ulivyokuwa ukipoteza rangi.

"Nani alikigeuza kibao chake?"

"Mimi."

Nahodha hakumtukana. Afadhali angemtukana. Aliuzungusha usukani mpaka mwisho, na boti nzima ikainama.

"Alikuwa na jaketi. Mwenye jaketi anaelea," alisema. "Lakini nikirudi hali ubao unasema yumo, tutazunguka mpaka kuche na hatutamwona. Tutampita hapa, hapa. Baba yangu yalimkuta."

"Na yule... aliyekaa chini?"

"Ulikigeuza, ukasema amerudi. Mtu akaja." Alimwonyesha ubao kwa kidevu. "Aliyegeuza ndiye anayerudisha. Nenda, binti."

Hatua kutoka usukani mpaka kwenye ubao ni kumi na mbili. Nesi alizihesabu. Boti ilikuwa inakimbia, upepo ukimpiga machoni. Chini alimsikia Baba akiuliza mbona wamegeuza. Akanyoosha mkono kwenye namba tano.

"Dada."

Alikuwa amesimama kwenye kidato cha juu cha ngazi ya kutoka chumbani, taulo mabegani. Maji yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Dada, usigeuze."

Ilikuwa sauti ya Chiriku. Siyo ya kufananafanana. Ni yake, na ule mkwaruzo mdogo aliobaki nao tangu alipougua koo akiwa na miaka sita, na Nesi ndiye aliyekesha naye.

"Kule ni baridi, Dada. Nilikuahidi nitakuita Dada. Si nimekuita?"

Mkono wa Nesi uliganda hewani. Kwa sababu ni kweli, aliahidi. Walikuwepo nahodha na mkewe, lakini wao walishaondoka zao wakicheka kabla ya ile ahadi. Walibaki nayo wawili tu. Na akili yake, ambayo hospitalini ilisifiwa kwa kutulia, ikaanza kumtetea yule wa ngazini. Mzamiaji aliyebanwa hufundishwa kuvua mtungi na jaketi ili ajiokoe. Mtu aliyenusurika kufa hupoa, hunyamaza, hashiki chakula. Mapigo hushuka. Amewaona wagonjwa wa namna hiyo kwa macho yake. Je, kama huyu ndiye? Je, kama anamrudisha mtoto aliyemlea mwenyewe majini kwa sababu ya maneno ya mtu wa boti?

"Niangalie," yule wa ngazini alinong'ona. "Ni mimi."

Nesi hakumwangalia. Alijua akimwangalia hataweza. Alifikiria lile tundu tupu kwenye fremu, na kofia ya njano ikielea gizani huku taa za boti zikipotea. Alifumba macho akakigeuza kibao.

Tak.

Hakusikia mtu akijitupa. Hakusikia ukelele. Alipofumbua macho, kwenye ngazi palikuwa na taulo tu, na maji yakishuka kidato kwa kidato kurudi chini.

Walifika mwambani saa mbili na ushee. Nahodha alizima injini. Mkewe alimulika maji kwa tochi kubwa, kulia, kushoto. Baba alikuwa ameelezwa nusu na ameelewa robo. Mama alikuwa akirudia jambo moja, "Si alikuwa hapa mezani? Si alikuwa hapa?", mpaka Baba akamkumbatia ili anyamaze.

Kimya... maji tu.

Kisha filimbi. Nyembamba, ya mtu ambaye pumzi zimemwishia.

"Kule!"

Kofia ya njano. Mtungi namba tano mgongoni. Mkondo ulikuwa umemng'oa kwenye kamba karibu kabisa na uso wa maji, akaibukia mbali, akaiona boti inaondoka, akapiga filimbi, injini ikamfunika. Nesi alitaka kuruka. Nahodha akamshika. Walipomvuta hadi kwenye ngazi akiwa anatetemeka meno yakigongana, Mama akanyoosha mkono kwenye ubao, hivyo hivyo tu, kusaidia.

"Mwacheni!" nahodha alifoka. "Ageuze mwenyewe."

Ilimchukua muda. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Mara mbili kibao kilimponyoka. Mara ya tatu kikageuka, cheupe, na Chiriku akaanguka kifuani kwa dada yake.

"Afande," alisema kwa sauti iliyokauka, "umechelewa."

Hapo Nesi alilia kama hajawahi kulia tangu azaliwe. Afande. Lilikuwa jina tamu kuliko majina yote. Alimpapasa kichwa, masikio, mgongo, akamshika mkono, na mapigo yalikuwa yanakimbia kama ya sungura, hayangoji wimbi lolote.

Safari ikaishia hapo. Samaki wa Baba aligawiwa majirani, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kupiga naye picha.

Nyumbani Chiriku alirudia hali yake. Alizungumza akila, alizungumza akipiga mswaki. Alisimulia jinsi alivyoelea kwa kila aliyepita mlangoni, na kila mara papa waliongezeka. Mama alisema ile ya mezani ilikuwa kichefuchefu chake tu, aliona mauzauza, na kila mtu akakubaliana naye kwa haraka. Nesi naye aliacha tabia yake. Hamtandikii mdogo wake kitanda tena, hamjazii fomu. Chiriku alilalamika siku mbili, akazoea.

Juma la tatu, walikuwa wanakunja nguo. Nesi aliuliza tu, bila hata kuinua macho.

"Ile asubuhi ya siku ile... uliniahidi nini?"

"Nilikuahidi?"

"Tulipogombana."

"Tuligombana?" Chiriku alicheka. "Afande, tunagombana kila siku ya Mungu. Mimi nitakumbuka ipi?"

Nesi akacheka pia. Ndivyo alivyo, huyu. Dakika mbili, ameshasahau. Si alimwambia mwenyewe siku ile? Kwa utani akamshika mkono, akatazama saa ya ukutani, akahesabu. Sabini na mbili. Safi kabisa.

"Nimepona, daktari?"

"Umepona."

Chiriku akaenda jikoni, sauti yake ikimtangulia. Nesi akabaki na shati la mdogo wake mikononi, limekunjwa nusu.

Yule wa kwenye ngazi alikumbuka.

Alikaa kwenye kitanda cha Chiriku, kitanda ambacho hakikutandikwa, akajiziba mdomo kwa lile shati wasimsikie, akamlilia mdogo wake. Hakujua ni yupi.