Majani ya Mapera na Mguu wa Kalombo

Nikuulize, weye unayesoma. Ni wadogo kuliko vumbi. Hatuwaoni, lakini wakizaliwa, maji yanageuka rangi. Kazi yao ni kuua vijidudu. Ni nani? Fikiri kwanza. Mwanangu Kalombo hakufikiri.

Kalombo ni mchimbaji. Tunakaa naye mtaa wa Panda. Jiwe lilimkata mguu. Mkewe Madeleine akamwambia aende dispansari. "Kesho," akasema. Kesho ikapita.

Jioni jirani yetu Danielle, anayefanya kazi labo, ndiyo maabara, akatueleza kazi yao. Wanachemsha majani ya mapera na kuyachuja. Maji yake wanayachanganya na dawa yenye madini ya feza. Yanageuka kahawia. Hapo zimezaliwa chembe ndogo sana za feza, nazo zinaua vijidudu. Kalombo alisikiliza nusu tu.

Asubuhi nikakuta sufuria yangu ya bukari, ugali wetu, imejaa maji ya kijani. Kalombo ameyamwaga kidondani! Mguu umevimba kama muhogo. Na mlango unagonga kwa upepo, pa! pa!

"Kalombo, ulitia nini mu sufuria yangu?"

"Majani ya mapera, mama."

"Na nini?"

Akainua macho juu.

"Bwana gani huyu!" Madeleine akafoka. "Mama anauliza, yeye iko anaangalia mabati!"

Nikamwita Danielle. Akauona mguu, akashika kiuno.

"Eh, papa Kalombo! Nani alikupa hii dawa?"

"Si weye?"

"Minye? Nilisema tunajaribu mu visahani vya labo. Sikusema mu mguu ya muntu! Hata feza yetu, kipimo kikizidi, inaumiza. Ingali majaribio, haiyakuwa dawa. Na yetu inakuwa kahawia. Hii ya kijani ni nini?"

"Madini ni madini," Kalombo akasema.

"Basi kula misumari, uongeze damu!" nikamwambia.

"Kidonda unakiosha palepale," Danielle akasema. "Maji safi na sabuni. Unafunika na kitambaa safi. Kisha dispansari, wakuchome sindano ya tetanosi. Haya, simama!"

Tukampandisha pikipiki. Muuguzi akamsafisha, akamchoma sindano, akampa vidonge. Naye akauliza, "Papa, uliweka nini hapa?" Kalombo akaangalia sakafu. Muntu mzima!

Mguu umepona sasa. Juzi mwenzake Ricky alikatwa mkono, na Kalombo mwenyewe akakimbilia maji na sabuni. "Usiseme kesho," akamwambia, kama vile yeye ndiye aliyetufundisha sisi wote.

Lakini mlango wangu ungali unagonga. Jana tulikuwa tunakula. Pa! Nikaweka tonge chini.

"Kalombo, minye ni mama yako. Ulitia nini mu sufuria yangu?"

Akautazama mlango. Akanitazama.

"Ile jiwe ya shaba, mama. Ya kuzuiya mulango."