Aliyemnyooshea Kidole Mdogo Wake

Ndugu zangu, nisikilizeni, ingawa habari yenyewe hunitia kichefuchefu kila ninapoisimulia.

Katika kata yetu ya bondeni palikuwa na nyumba yenye raha. Kulipopambazuka tu, harufu ya mkate ilikuwa imeshajaa uchochoro mzima. Kaka mkubwa, mwoka mikate, alichochea tanuri. Mdogo wake, tuliyemwita Kipara, aliyeishi na mkewe vyumba vya uani, alikanda unga huku akiimba vibaya makusudi ili shemeji yake acheke. Mama yao mzazi alikaa mlangoni akiwakemea wote wawili kwa mapenzi.

Nchi yetu ina chama kimoja kikubwa, na vingine ni vya kupamba karatasi ya kura. Hata sisi wa bondeni tulikipa chama hicho urais na ubunge bila kinyongo. Ila kwenye udiwani tulikuwa tumechoka. Mtaro wa maji machafu ulikuwa umeziba miaka nenda rudi, kinyesi kinaelea mbele ya milango yetu, funza wanapanda ukutani, na diwani hakanyagi. Basi tukamchagua muuguzi mstaafu wa chama kidogo, mama aliyeingia mtaroni na koleo lake mwenyewe. Wilaya nzima ilikwenda upande mmoja. Sisi tu tukatoka tofauti.

Wakubwa waliona wameaibishwa. Katibu wa chama akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, akaja na leso puani.

"Hapa kuna wasaliti," alisema. "Na hospitali inatafuta mtu wa kuipelekea mikate. Kazi hiyo hatumpi mtu ambaye hatujui nyumba yake imesimama wapi."

Mwoka mikate akainuka. Nilikuwa nyuma yake, nikaona jasho likimchuruzika shingoni.

"Mheshimiwa, nyumba yangu ni safi. Aliyeichafua ni mmoja, huyu hapa mdogo wangu. Ndiye aliyezunguka akimnadi yule mama."

Kipara alitabasamu kwanza, akidhani ni utani. "Kaka, si tulikwenda kupiga kura pamoja? Si wewe uliyesema tumpe mama wa watu?"

"Sijui unachosema."

Na watu wakapiga makofi. Watu walewale! Mikono iliyompa muuguzi ushindi ndiyo iliyompigia makofi msaliti wa ndugu yake. Niambieni, mtaro gani unanuka kuliko hapo?

Jioni hiyo vijana wa chama walivunja mlango wa Kipara, wakatupa vitanda na nguo zake kwenye kinyesi. Majirani walichungulia madirishani, wakashusha mapazia. Kipara akamshika mkono mkewe mjamzito, wakaondoka bila kuaga.

Mikate ikaenda hospitali, na tanuri jipya likajengwa. Lakini nyumbani hakukuwa tena na wimbo wala kicheko. Siku moja, wakati wa chakula, mwoka mikate aliuliza, "Mbona nikiingia mnanyamaza?"

Mkewe aliendelea kumlisha mtoto. "Mimi pia nilimpa kura yule mama, na unajua. Katibu akirudi kutaka jina jingine, utamtaja nani? Tumebaki mimi, mama yako na watoto."

Mama mzazi, aliyekuwa akisikiliza, aliinuka akafunga nguo zake kwenye shuka. Mwanawe akamzuia mlangoni.

"Mama, unakwenda wapi? Hapa umekosa nini?"

"Nilizaa wawili. Mmoja amefukuzwa, mmoja amejiuza. Nakwenda kwa aliyefukuzwa."

"Na mimi, mama?"

"Wewe una katibu."

Kabla ya mvua kuanza, mkewe naye alichukua watoto akaenda kwao. Siku hizi mwoka mikate anakula peke yake, mlango umefungwa. Muuguzi amenyimwa fedha za kuzibua mtaro, na kinyesi bado kinaelea.

FUNZO

Kura ya mtu ni yake. Kata moja ikichagua tofauti na nchi nzima haijaugua wala haijasaliti mtu. Imesema shida yake tu. Akija mkubwa kuwauliza mlimpa nani, fungeni midomo. Na msimtoe ndugu yenu ili muonekane wasafi, maana anayewasifu kwa hilo ameshajua kwamba mnanunulika, na wanaoishi nanyi wameshajua pia. Nyinyi mliopiga makofi uwanjani, sina la kuwafundisha. Mnajijua.