Nimekatwa Kodi Miaka Sita, Ofisi ya Kodi Hainijui

"Saini hapa, au vua aproni utoke!"

Bosi alinifokea mbele ya wapiga pasi wote. Karatasi kaibamiza juu ya meza yangu, pasi bado inafuka mvuke...

Nikaisoma. Eti mimi ni kibarua wa kutwa, na sijawahi kukatwa kodi ya mshahara.

Jamani! Miaka sita nanyoosha mashuka ya hoteli kwenye duka hili la dobi, nimeungua hadi viwiko, leo mimi ni mpita njia?

Na aliyeiandika ni nani? Mhasibu wetu. Wifi yangu! Dada wa mume wangu, tumbo moja, kasimama nyuma ya bosi anakagua kucha zake.

Msinicheke kwanza, niwaambie ilivyoanza.

Jana yake nilienda ofisi ya kodi kuomba cheti, benki walikuwa wanakitaka. Karani, mama mmoja mwenye miwani, akaingiza namba yangu kwenye kompyuta.

"Dada, hapa hakuna kitu."

"Hakuna vipi? Nakatwa kila mwezi!"

"Mwajiri hukata kabla hujaushika mshahara, halafu anaileta kodi huku kwa jina lako. Kwako haijafika hata senti."

Nikarudi kazini nikamuuliza bosi waziwazi. Jibu lake ndiyo hiyo karatasi.

"Sisaini," nikasema.

Wifi akatabasamu. "Wifi yangu, acha uanasheria. Tuyamalize kifamilia."

"Kifamilia? Mbona mlinikata kiofisi?"

Wenzangu wakaguna. Bosi akapandisha hasira.

"Basi kazi huna!"

Niliogopa, sidanganyi. Nina watoto watatu na kodi ya nyumba. Lakini mdomo wangu haujui kuogopa. Nikachomoa simu, nikampigia yule karani, namba yake alinipa jana yake, nikaweka spika chumba kizima kisikie.

"Mama, wanataka nisaini kwamba sijawahi kukatwa. Na slipu ya mshahara ninayo hapa!"

"Usisaini! Aliyekata ndiye atakayejibu, si wewe. Hebu nisomee mshahara wako kabla ya makato."

Nikasoma.

Nikasikia anabofya kompyuta...

"Rudia?"

Nikarudia, kwa sauti ya mnadani.

"Dada, mshahara huo haufikii kiwango cha kukatwa kodi. Hukupaswa kukatwa hata senti moja!"

Weee! Pasi zote zikasimama kwa mpigo mmoja. Sote pale mshahara wetu ni ule ule!

Bosi akamgeukia wifi taratibu.

"Si uliniambia ni sheria? Si nakukabidhi hela za kodi mkononi kila mwezi uzipeleke? Na jana ukaniambia huyu ni mchochezi tu, karatasi itamnyamazisha!"

Wifi akarudi nyuma hatua moja. Kucha zimesahaulika.

Ndipo mpiga pasi mzee kuliko sote, tunayemwita Bibi Mvuke, akavua miwani.

"Ngoja kwanza... zile hela anazotukopesha huyu mhasibu mwezi ukifika katikati, na riba juu..."



Kumbe tulikuwa tunakopeshwa makato yetu wenyewe! Tena tunampigia magoti kumshukuru!

Bosi akaichana karatasi mwenyewe, na sasa anaturudishia zetu kidogo kidogo. Hakukwepa, maana tulimwambia ofisi ya kodi si mbali. Wifi hana kazi. Nyumbani mume wangu akanuna: "Umemdhalilisha dada yangu." Nikamwambia, "Alinidhalilisha miaka sita, mimi nimetumia dakika kumi."

Ndugu zangu, kodi ni halali, ukifikia kiwango lipa. Ila slipu yako isome. Uliza unakatwa kwa kiwango gani, kisha nenda ukahakikishe imefika kwa jina lako. Usimwachie mtu eti kwa sababu ni ndugu!

Juzi wifi kanitumia meseji, hana hata aibu: "Usisahau deni langu la mwezi uliopita."

Nikamjibu: "Likate kwenye kodi."